Fundi Aliyeuliza "Umeona au Umedhani?"

Kama ulimpelekea kompyuta miaka ile, basi swali hilo alikuuliza. Hukuwa hata umemaliza kumwamkia. Unasema, "Shikamoo Fundi, mashine yangu imeungua." Yeye anaitikia marahaba, anaweka kikombe chini, anakutazama.

"Umeona moto?"

"Hapana."

"Umesikia harufu?"

"Hapana, ila ime..."

"Basi umeona au umedhani?"

Na watu wazima, wenye maduka yao hapa Singida mjini, walisimama mbele yake kama mtoto aliyeitwa ubaoni na hesabu haijui.

Mimi aliniuliza hivyo mara nyingi mno. Mpaka leo nikitaka kusema maharage yameiva, kuna kitu kinanishika ulimi kwanza. Silisemi hilo kwa kumsifu. Alinichosha, na nikikaa nikamfikiria ananichosha upya.

Sijui kama mimi ndiye wa kumwandika. Shule yangu iliishia darasa la saba, nikajifunza cherehani, na mambo ya kompyuta niliyaokota kwa kuchungulia nyuma ya mabega ya watu. Wapo waliomjua zaidi yangu. Lakini hao hawaandiki, na mimi ninalo jambo moja juu yake ambalo hawalijui. Nitalisema likifika mahali pake, nisije nikaonekana nimemwandika vizuri ili nijisafishe.

Benchi lake lilikuwa kwenye kibaraza cha duka la vitenge, karibu na soko. Juu ya benchi kulikuwa na trei ya mayai, ile ya karatasi, na kila skrubu aliyoitoa aliiweka kwenye shimo lake kwa mpangilio anaoujua yeye. Ukiigusa hiyo trei umeharibu siku. Kabla ya kufungua kompyuta alivua viatu, na akakulazimisha na wewe uvue, halafu akashika bomba la maji kwa mkono wa kushoto kama anayelisalimia. Alisema mwilini mwa mtu kuna umeme mdogo unaoweza kuua kompyuta usiku na mchana bila mtu kujua. Nilimwona akimvua viatu tajiri mmoja wa mbao, mtu mzito, ambaye soksi yake ilikuwa na tundu kwenye kidole gumba. Tajiri akasema, "Fundi, nimekuja kutengeneza kompyuta, sikuja kuoga." Fundi akasema, "Vua na ya pili."

Alikuwa mtu wa usafi kiasi hicho. Lakini redio yake mwenyewe, ile aliyosikilizia taarifa ya habari, ilikuwa imefungwa kwa mpira wa baiskeli, haina mgongo, na ilizungumza tu ukiielekeza upande wa msikiti. Nilimuuliza mbona haitengenezi. Akasema, "Hii sina haraka nayo." Alikuwa hivyo. Alikukataza kunywa chai karibu na mashine, na chai yake aliinywea hapo hapo. Alikuwa mkali kama nini kwa wateja, na kwa mke wake alikuwa mpole, akitumwa nyanya katikati ya kazi anaacha kompyuta wazi na kwenda. Akikasirika sana alihamia Kinyaturu, akasema peke yake kwa sauti ya chini, na sisi tusio Wanyaturu tukabaki tunahesabu skrubu kwa macho.

Nadhani, na hapa ni kudhani kweli, kwamba ukaidi wake ulitoka kwenye miaka ya shida. Alianza na redio wakati madukani hamna kitu. Kifaa kikifa hakuna kingine, kwa hiyo ilibidi ujue hasa kilichokufa, maana ukikosea huna cha kujaribia. Halafu soko likafunguliwa. Vitu vikaingia, vipya na vilivyotumika, malori yakashusha kompyuta za mitumba zimerundikwa kama viazi. Mafundi wapya wakaja na neno moja: badili. Badili pawasapulai, badili memori, badili yote. Yeye neno hilo lilimtia kichefuchefu. "Mnatupa vitu kabla ya kuviuliza," alisema. Kwa haki yake, kompyuta nyingi zilizobadilishwa vitu kwa wenzake zilirudi kwake. Kwa haki ya wenzake, wao walimaliza kwa siku moja.

Sasa lile jambo.

Miaka hiyo nilikuwa na studio ya video za harusi kwenye chumba cha mbele cha nyumba yetu. Kamera ya mkanda, televisheni, deki, na kompyuta ambayo mume wangu aliinunua Dar ikaja juu ya lori la mizigo. Kwa vumbi na upepo wa Singida, nisingeiacha hivi hivi. Niliifumia kitambaa, cheupe chenye maua ya bluu pembeni, na kingine cha kioo, na kidogo cha kipanya. Kila mtu aliyeingia alivisifu. Hata Fundi, mara ya kwanza, alisema, "Mkono wako mzuri, Mama Studio," halafu akakikunja kitambaa na kukiweka kitini.

Siku moja alikuja mama ambaye nilikuwa nimerekodi harusi ya binti yake. Nilimwita Mama Harusi, na nitaendelea hivyo. Aliketi bila kukaribishwa.

"Mwanangu, mume wangu amelazwa Kiomboi. Harusi ya binti yake wa kwanza hakuiona. Nataka aione."

"Nitamaliza wiki hii, Mama."

"Sikiliza kwanza. Shemeji yangu anakaa jirani na hospitali, ana deki, tutambeba mpaka pale. Lakini humo ndani nataka umuweke na yeye."

"Nimuweke vipi?"

"Kama zile video za Dar. Picha yake ishuke kutoka juu, izunguke na maua, ije ikae pembeni ya binti yake anapokata keki. Akijiona yupo, atajua hatukufanya harusi nyuma yake." Akashusha sauti. "Maana kuna maneno. Kuna wanaosema hakuiridhia hii ndoa. Aliiridhia. Aliugua tu."

Nikasema nitafanya. Na nilifanya. Nilipanga picha, maua, mizunguko, mwanga wa kumetameta. Ilibaki kuipika, ndivyo tulivyosema: unaiachia kompyuta ichanganye vipande vyote iwe video moja. Ikaanza vizuri. Ilipofika pale mzee anaanza kushuka na maua yake, kioo kikaganda, kikawa cheusi, kompyuta ikajiwasha upya kama haijafanya kitu. Nikarudia. Hapo hapo. Nikarudia mara ya tatu.

Fundi alikuja nyumbani. Alikaa saa mbili mbele ya mashine bila kuigusa. Hasira niliyokuwa nayo Mungu anaijua.

"Ikiandika barua haizimi," alisema mwishowe. "Ikipiga muziki haizimi. Inazima ikibebeshwa picha nzito. Kwa hiyo ni joto, au umeme, au memori. Tutaliuliza moja moja."

"Si tuyafanye yote kwa pamoja, Fundi? Mgonjwa anasubiri."

"Ikipona utajua ni lipi lililoiponya?"

"Mimi nataka ipone tu."

"Ndiyo maana itaumwa tena."

Nikamwambia basi nitoe hayo maua, nimpelekee mgonjwa video kavu. Akasema hiyo ni kazi yangu na Mama Harusi, yeye haingilii. Mama Harusi nilipomuuliza akasema bila baba wa bibi harusi haitaki. Hivyo kwa hilo simlaumu Fundi, ingawa miaka mingi nimemlaumu.

Alianza na joto. Kwa maneno yake, joto ndilo alilolishuku zaidi. Alitoa ubavu wa kompyuta, akaelekeza feni ya mezani kwenye utumbo wake, akanipa daftari. Niandike saa, kazi, mashine ilikuwa katika hali gani, imezima dakika ya ngapi. "Iwe wazi, feni isiondoke. Mimi nitasoma kesho." Akaenda zake.

Nikaianzisha. Kama dakika ya tano hivi, hodi. Shangazi wawili wa bibi harusi, wametoka Sepuka kwa basi, wamevaa vizuri, wameambiwa waje waone kazi inavyoendelea. Mama mkwe wangu aliyekuwa ndani akatoka mbio.

"Utawakaribisha wageni na mashine imetumbuliwa hivyo?" aliniambia kwa sauti ya chini. "Watasema tumempa kazi yao fundi baiskeli."

Nikarudisha ubavu. Nikafunika na kitambaa changu. Na kwa kuwa wageni walikuwa wanatoka jasho, nikachukua feni nikaielekeza kwao. Siwezi kuandika jambo hili vizuri zaidi ya lilivyokuwa. Mgeni ametoka Sepuka na jua lile, utalipulizia feni sanduku la kompyuta?

Tukakaa, wakanywa soda, tukaangalia. Mzee akaanza kushuka. Kioo kikawa cheusi.

Shangazi mkubwa akashika mdomo. "Kumbe akitokea yeye ndipo inakataa?"

"Ni mashine tu, Shangazi," nilisema.

"Sawa, ni mashine," akasema, na akamtazama mwenzake.

Walipoondoka nikachukua daftari. Ningeandika kweli, Fundi angesoma, angeniuliza, na sauti yake haikuwa ya kuniulizia mimi peke yangu, mtaa mzima ungejua nilivyofanya. Tena niliona ni nusu saa tu, nusu saa ni kitu gani? Nikaandika: *Wazi. Feni inaelekea mashine. Imezima dakika ya kumi na saba.*

Kesho yake alisoma. Akanitazama.

"Umeona au umedhani?"

"Nimeona, Fundi."

Akapiga mstari juu ya neno joto. "Basi si joto." Akafunga ubavu kwa mkono wake, skrubu zote nne, na mimi nikarudisha kitambaa.

Kilichofuata kilikuwa wiki tatu. Nyuma yetu kulikuwa na mashine ya kukamua alizeti, na ikiwashwa taa za nyumbani zilififia. Fundi akaona ni umeme. Akaenda kwa mwenye mashine, nikiwa nyuma yake kwa aibu.

"Nizime mashine msimu wa alizeti," mwenye mashine akasema, "ili bibi harusi akate keki?"

"Saa moja tu."

"Fundi, hiyo ni keki gani inakatwa saa nzima?"

Wapakia magunia wakacheka mpaka wakakaa chini. Lakini akakubali kuzima Ijumaa wakati wa swala. Ijumaa ikafika, mashine ya alizeti ikanyamaza, umeme ukanyooka, mzee akaanza kushuka, kioo kikawa cheusi.

Akaja kwenye memori. Akaitoa, akasugua miguu yake kwa kifutio cha shule, akairudisha na kufunga ubavu tena. Siku moja kwa kipande kimoja, siku nyingine kwa kipande cha pili, siku ya tatu vyote viwili vikiwa vimebadilishana nafasi. Akafuta programu zote akaziweka upya. Kila badiliko jaribio lake, kila jaribio mstari wake kwenye daftari. Siku hizo daftari nililiandika kwa uaminifu mtupu. Ndilo linalonikera kuliko yote, kwamba mistari yote ilikuwa ya kweli isipokuwa mmoja.

Siku moja nilimfokea. Nilimwambia yeye si fundi, ni karani. Nilimwambia mafundi wa stendi wangeimaliza siku hiyo hiyo. Hakukasirika. Alisema, "Nilidhani ni joto, na sivyo. Sasa unataka nidhani tena?"

Hapo nilikuwa na nafasi ya kusema. Nilifungua mdomo. Mama Harusi akapiga hodi, kama alivyopiga kila baada ya siku mbili, akachungulia mlangoni na kuuliza, "Bado?" Nikamwambia bado. "Anauliza," akasema. "Jana amemuuliza shemeji kama deki inafanya kazi."

Alhamisi moja Mama Harusi hakuja. Jioni tukasikia kwa abiria wa basi la Kiomboi kwamba mzee amefariki.

Baada ya mazishi, nikiwa peke yangu nyumbani, nilifungua zile skrubu nne. Nikaondoa kitambaa. Nikaelekeza feni. Dakika ya kumi na saba ikapita. Mzee akashuka, akazunguka na maua, akakaa pembeni ya binti yake, keki ikakatwa, watu wakapiga vigelegele. Iliendelea mpaka mwisho. Mama mkwe alipita na beseni la nguo, akasema, "Kumbe imekubali."

Na mimi ndivyo nilivyomwambia Fundi. "Imekubali yenyewe."

"Mashine haikubali yenyewe," alisema.

Alirudi siku tatu mfululizo kuniuliza. Nilibadili nini? Nani aliigusa? Nilisema sijui. Siku ya tatu aliondoka bila kuaga, na yeye hakuwa mtu wa kuondoka bila kuaga. Kabla mwaka haujaisha benchi lilikuwa limeondoka kibarazani. Ukimpelekea kompyuta alisema, "Nendeni kwa vijana. Mimi ile ya harusi sikuiweza."

Ni haki niseme mengine pia. Mzee alikuwa mgonjwa sana. Sijui kama angefikishwa kwenye hiyo deki hata video ingekuwa tayari siku ya pili. Na Fundi naye angeweza kuishika mashine kwa mkono wake asikie moto, badala ya kusoma daftari. Aliamini karatasi. Nimejiambia hayo miaka mingi na hayajanisaidia.

Mwaka jana nilikwenda Unyambwa kununua kuku wa sikukuu. Nilielekezwa nyumba moja yenye uzio wa miiba, nikachagua mitetea wawili, nikawashika miguu, na nilipoinua uso aliyekuwa anapura alizeti kwa fimbo kwenye turubai alikuwa yeye. Amepungua. Nikamwamkia. Akaitikia, akaniangalia mpaka akanijua.

"Mama Studio. Bado unapika harusi?"

"Niliacha, Fundi. Nina duka la vitambaa."

"Mkono wako ulikuwa mzuri," akasema, akarudi kwenye alizeti.

Nilikuwa nimejiandaa kwa siku hiyo kwa maneno mazuri. Yote yakanipotea. Nikasema tu, nikiwa nimesimama na kuku mkononi: siku ile ya feni haikuwa wazi. Walikuja wageni, nikafunika, nikageuza feni kwao, nikaandika wazi. Na ilikubali baada ya kufungua tena.

Fimbo ikasimama. Sikuweza kumtazama.

"Mama!" akamwita mke wake. Mke akatoka jikoni akijifuta mikono. "Rudia," akaniambia Fundi. "Rudia na huyu asikie."

Nikarudia. Mara ya pili ni ngumu zaidi, maana mke alinikazia macho mwanzo mpaka mwisho.

"Kwa hiyo ilikuwa joto," mke akasema.

"Ilikuwa joto," akasema Fundi.

"Uliniambia siku ya kwanza ni joto. Ulirudi nyumbani ukaniambia."

"Nilikwambia."

Mke akanigeukia. "Unajua aliuza vifaa vyake vyote? Mpaka ile mashine ya kuchomelea aliyokuwa nayo kabla hajanioa?"

Nikasema sikujua. Nikaomba msamaha, kwake na kwa mume wake. Fundi alikuwa anatazama chini, midomo inatembea, na nikajua anapitia lile daftari lote kichwani, mstari kwa mstari, umeme, memori, Ijumaa ya mashine ya alizeti. Nilingoja anifokee. Ningeshukuru.

"Yule mama," akasema, "umemwambia?"

"Nani, Mama Harusi? Hapana. Hakuna anayejua."

"Yuko wapi siku hizi?"

"Yupo mjini, nyumba ile ile. Lakini Fundi, ni miaka mingi, yule mama ni mzee sasa..."

"Wageni wale walisema nini kioo kilipozima? Niambie kweli."

Nikamwambia. Walisema akitokea mzee ndipo inakataa.

"Na yule mama waliwahi kumwambia?"

Waliwahi. Mji mzima ulisema. Kwamba mzee aliikataa ndoa akiwa kitandani, na mashine ikaikataa picha yake. Binti mwenyewe alishalisikia. Hilo nililijua, na nilikuwa nimeliweka mahali nisipoliangalia.

"Kwa hiyo mpaka leo anadhani mume wake alikataa," akasema Fundi.

Akaingia ndani. Mke wake akaokota fimbo akaendelea kupura, bila kuniangalia. Fundi akatoka amevaa shati safi na viatu, anafunga kamba mlangoni kwa kuinama taratibu, goti moja linamsumbua.

"Twende."

"Leo, Fundi? Nina kuku hawa."

"Njoo nao," akasema, na akatangulia kwenda barabarani.